Marudio si Masafa

Katika ufundi wa redio kuna sakiti ipokeayo wimbi la megahezi 5 na kutoa la megahezi 10. Kuiita "kiongeza masafa" kwapotosha. Masafa, kwa Mswahili, ni umbali, na hata "masafa mafupi" ya redio hutaja urefu wa wimbi. Wimbi la megahezi 5 lina urefu wa meta 60. La megahezi 10, meta 30 tu. Marudio yakizidi, masafa hupungua! Hivyo twapendekeza "kizidisha-marudio".

Ndani yake dayodi mbili huupindua upande wa chini wa wimbi ukawa juu. Pamoja na marudio ya megahezi 10 huzuka ya 20 na zaidi. Na dayodi zisipolingana, mabaki ya 5 hupenya. Ndipo huhitajika chujio. Fuwele ya kwatzi, iliyokatwa kwa unene maalumu, hupitisha ukanda mwembamba sana kandokando ya 10 na kuyadhoofisha yaliyosalia.

Lakini "chujio la fuwele" nalo lina utata: chujio la chai huchuja chai, na mwanafunzi aweza kudhani fuwele ndiyo ichujwayo. Twaona "chujio lenye fuwele" lafaa zaidi, ijapokuwa ni refu kidogo.