Neno "Ajali" na Funzo la Vinu vya Nyuklia

Neno ajali tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni muda uliowekwa, hasa muda wa kufa. Maana hiyo haijafutika katika Kiswahili, kwani twasema bado kwamba ajali haina kinga. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba usemi huo, ingawa wafaa matangani, haufai katika uchunguzi.

Tutazame kwanza vinu vya nyuklia, kwa kuwa misiba yake imechunguzwa sana. Tarehe 28 Machi 1979, huko Three Mile Island, Marekani, vali ya kupunguzia shinikizo ilikwama wazi, na maji ya kupozea kinu yakawa yatoka. Taa katika chumba cha mitambo ilionyesha tu kwamba amri ya kuifunga vali imepelekwa. Watumishi wakaisoma kana kwamba vali imefungwa. Ishara ilichukuliwa badala ya kitu chenyewe. Tena vali ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kukwama katika kinu cha Davis-Besse mwaka 1977, lakini funzo lake halikuwafikia wenzao.

Chernobyl mambo yalikuwa vivyo hivyo. Vijiti vya kudhibiti kinu, kwa ubaya wa uundaji wake, viliweza kuongeza nguvu kwa kitambo vilipoanza kushushwa. Kasoro hiyo ilionekana Ignalina, Lithuania, mwaka 1983. Watumishi wa Chernobyl hawakuelezwa, na tarehe 26 Aprili 1986 kinu chao kikapasuka.

Tanzania haina kinu cha umeme wa nyuklia, walakini funzo hili latuhusu. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, Temeke, na watu zaidi ya 20 wakafa. Kabla ya miezi 22 kutimia, tarehe 16 Februari 2011, maghala ya Gongo la Mboto, Ilala, yakalipuka nayo. Huko pia walikufa watu zaidi ya 20.

Msomaji na akitazame kitenzi tulichokitumia wakati ule: mabomu yalilipuka. Kitenzi hiki, kama pasuka na bomoka, hutaja hali tu, wala hakina nafasi ya mtenda. Hatudai kwamba yuko aliyeyalipua kwa kusudi. Twasema kwamba sentensi hiyo hukamilika bila ya kuuliza sababu. Baruti huharibika kwa umri, na joto huzidisha uharibifu huo. Basi, mabomu yalikuwa na umri gani? Yalikaguliwa lini, na nani? Nyumba zilikuwa umbali gani, na nani aliruhusu zijengwe hapo?

Tume ya Bunge la Japani ilifanya hivyo juu ya msiba wa Fukushima wa Machi 2011. Wimbi lilitoka baharini, lakini tume ilitamka mwaka 2012 kwamba msiba wenyewe ulitokana na wanadamu, kwa sababu hatari ilijulikana na kinga haikuwekwa.

Taarifa ya msiba, basi, yapasa kutaja mambo matatu: sababu yake, nani alipaswa kuijua, na nani wengine wamekwisha kuelezwa. Tena yafaa iandikwe kwa Kiswahili chepesi, ili mkazi wa Mbagala aliye jirani na ghala aweze kuisoma mwenyewe na kuuliza maswali yake.