Uzamili wa saikolojia: Pima kabla ya kulipa karo

MWALIMU wa Kitale ambaye kwa miaka mingi amewasikiliza wanafunzi wenye majonzi hufika siku akatamani kurejea darasani, safari hii kama mwanafunzi. Vivyo hivyo muuguzi au mhubiri wa Bungoma. Wengi huvutiwa na shahada ya uzamili katika saikolojia ya jumla. Hata hivyo, kabla ya kuchukua mkopo wa chama cha ushirika au kuuza ng'ombe, yafaa wajue shahada hiyo hufungua mlango upi.

Saikolojia ya jumla ndiyo shina la taaluma hii. Tangu Wilhelm Wundt alipoanzisha maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka wa 1879, wataalamu wamechunguza jinsi binadamu anavyojifunza, anavyokumbuka na anavyohisi. Mwanafunzi wa uzamili huyasoma hayo pamoja na takwimu na mbinu za utafiti. Kumhudumia mgonjwa ni tawi jingine, yaani saikolojia ya tiba au ushauri nasaha, ambalo hudai mazoezi ya muda mrefu chini ya msimamizi.

Tofauti hiyo ina uzito wa kisheria. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014 inamtaka anayetoa huduma hizo awe amesajiliwa. Basi mtu aweza kuhitimu vyema lakini asiruhusiwe kufungua ofisi ya ushauri. Swali la kwanza kwa chuo ni hili: je, kozi hii itanifikisha kwenye usajili? La pili: je, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu imeiidhinisha?

Masomo yenyewe aghalabu huchukua miaka miwili, ya mihadhara kisha tasnifu. Kwa kawaida mwombaji hutakiwa awe na shahada ya kwanza ya daraja la pili, ngazi ya juu. Wa ngazi ya chini huulizwa tajriba yake. Kabla ya kwenda nyanjani, mtafiti huhitaji kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi.

Bungoma ina Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hadhi kamili mwaka wa 2015, na jirani yake Kakamega ina Masinde Muliro. Ila chuo kuwa karibu si hakikisho kuwa kozi unayoitaka imo. Anayelenga saikolojia ya tiba huenda akalazimika kusafiri hadi Nairobi, na hapo nauli na malazi huongezeka juu ya karo.

Je, gharama hiyo ina faida? Eneo hili lenyewe linajibu. Mapigano ya ardhi ya Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008, pamoja na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilizowafurusha wengi Trans Nzoia, yaliacha majeraha yasiyoonekana kwa macho. Watoto wa wakati ule sasa ni wazazi. Atakayechunguza kwa makini wanavyokumbuka yaliyowapata, na wanavyowalea wanao, atakuwa ameitendea jamii haki hata bila ya kufungua ofisi.

Anayetaka kutibu na achague njia ya tiba mapema. Anayetaka kufundisha na kutafiti, saikolojia ya jumla yamtosha.