Bima ya Gari: Nani Hubeba Mzigo wa Dereva Mzembe?

Magari yatokayo Pangani, kata iliyomo katika Mji wa Kibaha, mkoani Pwani, hayaendi mbali kabla ya kukutana na Barabara ya Morogoro. Huko huchangamana na mabasi ya mikoani, malori ya mizigo, daladala na pikipiki za abiria. Methali husema mwenda pole hajikwai. Katika barabara kama hiyo, hata hivyo, mwenda pole aweza kukwazwa na mwenda mbio, na mtoto wa shule asubiriye kuvuka aweza kuumia bila ya kosa lolote. Je, gharama ya madhara hayo hubebwa na nani?

Sheria ya bima ya magari ilitungwa Tanganyika mwaka 1945, na misingi yake ingali ikitumika Tanzania Bara. Ni kosa kutumia gari barabarani bila ya bima ya kukinga madai ya kifo au majeraha ya mtu mwingine. Mtu huyo huitwa "mtu wa tatu", kwa kuwa wa kwanza ni mwenye bima na wa pili ni kampuni iliyompa bima. Hii ndiyo iitwayo na wengi bima ndogo. Bima kubwa, ambayo hulinda pia gari lenyewe, ni ya hiari.

Ili kuelewa jinsi ada ya bima ipatikanavyo, hatuna budi kurejea hisabati. Katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake, Jakob Bernoulli wa Uswisi alithibitisha kanuni ya idadi kubwa. Hakuna awezaye kujua kama dereva fulani atagonga mtu mwaka huu. Lakini madereva wakiwa maelfu, jumla ya ajali zao huweza kukadiriwa kwa karibu sana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kuna madereva 1,000: waangalifu 900 na wazembe 100. Katika kila waangalifu 100, mmoja husababisha ajali kwa mwaka. Katika kila wazembe 100, ni 10. Jumla ya ajali itakuwa 9 na 10, yaani 19. Ikiwa kila ajali hugharimu shilingi 4,000,000, fidia yote ni shilingi 76,000,000. Mzigo huo ukigawanywa sawasawa, kila dereva atalipa shilingi 76,000. Lakini kila kundi likijitegemea, mwangalifu atalipa 40,000 tu, na mzembe 400,000.

Tofauti hii haitokani na bahati. Nguvu ya mwendo wa gari hukua kwa mraba wa kasi yake. Dereva apitaye katika makazi kwa kilomita 80 kwa saa, badala ya 50 zinazoruhusiwa, hubeba nguvu ya zaidi ya mara mbili na nusu. Ulevi, usingizi na ugeni wa usukani nao huchelewesha mguu kufika kwenye breki.

Je, Tanzania hufuata hesabu ipi? Mwaka 1967 biashara yote ya bima iliwekwa chini ya Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa makampuni binafsi, na sheria ya mwaka 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Ada ya bima ndogo hupangwa kwa kutazama gari: aina yake, matumizi yake, idadi ya viti au uzito wa mzigo. Mkono ulioshika usukani hauulizwi. Katika bima kubwa, asiyeleta madai kwa mwaka mzima aghalabu hupata punguzo, na mwenye madai mengi aweza kuongezewa ada.

Nchini Marekani dereva mwenyewe hupimwa. Katika majimbo mengi, aliyepatikana na hatia ya kuendesha akiwa amelewa hutakiwa kuleta hati ya kampuni kuthibitisha kwamba ana bima, na ada yake hupanda sana. Akikataliwa na makampuni yote, upo utaratibu wa kumgawia kampuni moja ili asiendeshe bila ya kinga.

Yaelekea kuwa haki kila mtu alipie uzembe wake. Lakini turudi kwenye mfano wetu. Mzembe akitakiwa shilingi 400,000, aweza kuamua kuendesha bila ya bima. Na mtoto aliyegongwa atamdai mtu asiye na kitu. Ada iliyo sawa kwa wote humwonea mwangalifu shilingi 36,000, bali humhakikishia majeruhi mahali pa kudai. Kwa upande mwingine, ada hiyo haimwonyi mzembe kwa lolote. Kazi ya kumwonya hubaki kwa askari wa usalama barabarani, kwa mahakama, na kwa wenye magari ambao huchagua nani wa kumkabidhi ufunguo.

Walimu wa hisabati waweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: ikiwa wazembe 50 kati ya wale 100 watajirekebisha na kuwa waangalifu, ada ya pamoja itashuka hadi shilingi ngapi? Na majeruhi watapungua wangapi?