Kuku Mmoja, Watu Kenda

Ni mama gani wa nyumba asiyeijua taabu hii? Wageni wamefika, watoto wameizunguka meza, na sufuriani mna kuku mmoja tu. Tena si kuku kijana, bali ni koo aliyekoma kutaga, mwenye nyama ngumu kama kamba. Baba atapewa firigisi, kama ilivyo desturi katika jamaa nyingi; mgeni atapewa paja; watoto watagombea mabawa; naye mama aliyepika atabaki na shingo, pengine na mchuzi mtupu.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi akina mama wa mashambani huko Marekani, hasa katika majimbo ya kusini, walivyoishinda taabu hiyo. Chakula chao ni kuku aliyepikwa polepole, kisha madonge ya unga wa ngano yakaiva ndani ya mchuzi wake.

Yafaa kwanza kujua asili ya jambo. Zamani wakulima wengi wa nchi ile walifuga kuku kwa ajili ya mayai kuliko nyama. Kuku alichinjwa Jumapili au siku ya wageni, na mara nyingi aliyechinjwa alikuwa yule aliyezeeka. Desturi hiyo ilianza kugeuka mwaka 1923, wakati Bibi Cecile Steele wa jimbo la Delaware alipoagiza vifaranga 50, akaletewa 500 kwa makosa. Hakuwarudisha, bali aliwalea, akawauza kwa nyama, akapata faida. Jirani zake walimwiga, na siku hizi kuku wa nyama huchinjwa akiwa na umri wa majuma sita au saba tu. Kuku huyo huiva upesi, lakini mchuzi wake ni mwepesi. Koo mzee ndiye mwenye ladha, ila sharti ajue mpishi namna ya kuitoa.

Siri ya kwanza ni subira. Nyama ya mnyama mzee imefungwa kwa nyuzi zenye nguvu. Moto mkali huikaza na kuikausha. Lakini moto mdogo wa muda mrefu huziyeyusha nyuzi zile, zikawa utelezi mzuri, ule ule unaougandisha mchuzi ukisha kupoa. Basi, msomaji wetu, umweke kuku sufuriani, umfunike kwa maji baridi, utie kitunguu, karoti, chumvi na pilipili manga. Maji yakianza kuchemka, uondoe povu, upunguze kuni na kufunika. Yatetemeke tu, yasitokote. Kuku kijana saa moja yamtosha. Koo mzee ataka saa mbili au tatu, mpaka nyama iachane na mfupa kwa kuguswa tu. Nacho kisu na ubao uliomkatia kuku mbichi, uvioshe vema kabla ya kuvitumia tena.

Ndipo umtoe, umwache apoe kidogo, uchambue nyama yote na kutupa mifupa. Firigisi nayo uikate vipande vidogo kabisa. Hapa tuitazame hekima ya wapishi wale. Hakuna tena paja la mtu fulani wala shingo ya mtu fulani. Kuku amekuwa wa wote.

Siri ya pili ni madonge yenyewe, nayo ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni madonge yaliyoumuka. Uchukue vikombe 2 vya unga wa ngano, vijiko vidogo 3 vya unga wa kuumulia, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Uvichanganye, ukafikiche ndani yake vijiko vikubwa 3 vya siagi, kisha umimine maziwa kidogo kidogo, kikombe kimoja kasoro robo, mpaka upate donge laini na zito. Usilikande sana, maana unga wa ngano uliokandwa mno hushikamana na kuwa mgumu mdomoni. Uchote kwa kijiko, uangushe juu ya mchuzi unaochemka taratibu, ufunike kwa dakika 15.

Katika dakika hizo kosa moja huharibu kazi yote, nalo ni kufunua sufuria. Chini donge huivishwa na mchuzi, juu huivishwa na mvuke. Mpishi mwenye haraka akifunua ili kuchungulia, mvuke hutoka, na donge hubaki bichi katikati. Subira yavuta heri, hata jikoni.

Namna ya pili ni ya madonge bapa. Hayahitaji unga wa kuumulia, kwa hiyo huwafaa wasio nao. Ni unga, chumvi, mafuta kidogo na mchuzi uliopoa. Donge husukumwa kwa chupa au kwa mti laini mpaka liwe jembamba, likakatwa vipande virefu, vikatiwa kimoja kimoja mchuzini ili visishikane. Unga uliobaki juu yake huufanya mchuzi kuwa mzito. Mahali penye uhaba wa ngano, wapishi wa kusini walifanya madonge hata kwa unga wa mahindi.

Mwisho uirudishe nyama sufuriani, uionje chumvi, ukapakue chakula kingali moto katika sahani zenye kina. Kilichosalia kisilale jikoni penye joto. Na kabla ya kuliwa tena kichemshwe vizuri.

Sasa tuitazame meza ile ya mwanzo. Kuku ni yule yule mmoja, na watu ni wale wale kenda. Lakini kila sahani ina nyama, ina donge, ina mchuzi. Mgeni ameheshimiwa, mtoto mdogo hakulia, na baba hakupungukiwa na kitu. Naye mama ameketi pamoja nao, sahani yake ikiwa sawa na zao. Twadhani kwa ajili ya hayo peke yake, saa tatu za kuni chache hazikupotea bure.