Ipsum Kuukuu kwa Familia ya Watu Saba: Je, Yafaa?

Jirani yetu mmoja wa Kimara, jijini Dar es Salaam, alipostaafu kazi ya kiwandani, kiinua mgongo chake kilizua mjadala mkubwa nyumbani. Mkewe alitaka paa la nyumba wanayoijenga likamilishwe kwanza. Watoto, kama ilivyo desturi ya watoto, walitaka gari. Yeye mwenyewe alikuwa akimfikiria mama yake mzazi, ambaye miguu imemchoka na ambaye mara mbili kila mwezi sharti afikishwe kliniki. Kila safari ya bibi huyo ilikuwa ni kupakiwa katika bajaji hadi barabara kuu, kisha kugombewa nafasi katika basi. Watu wa nyumba hiyo ni saba: baba, mama, bibi na watoto wanne. Gari la kawaida la watu watano lisingewachukua wote, na gari jipya ni ndoto ya mchana kwa mtu wa kipato chake.

Hatimaye mzee akapunguza ubishi kwa kusema kwamba paa litaezekwa kwa fungu moja, na fungu la pili litatafutiwa gari la watu saba, mradi lisiwe gari la kuwarudisha katika umaskini. Dalali wa kwanza aliyemfuata alimtajia Toyota Ipsum. Basi mzee akaja kwetu kuuliza: “Ndugu yangu, gari hili halitengenezwi tena. Je, si nitanunua maiti?”

Swali hilo huulizwa na wafanyakazi wengi, nasi tumeona vema kulijibu hapa kwa utaratibu.

NI GARI GANI HILI?

Ipsum ilianza kuuzwa nchini Japani mwaka 1996. Toleo la pili, lililo kubwa zaidi, lilitoka mwaka 2001, na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2009. Katika nchi nyingine toleo la kwanza liliitwa Picnic, na la pili Avensis Verso. Maana yake ni kwamba hata Ipsum changa kuliko zote sasa imekwisha kupita umri wa miaka kumi na mitano. Anayeinunua leo ananunua gari lililokwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa, kwanza huko Japani, kisha hapa kwetu.

Ni gari la safu tatu za viti: mbele watu wawili, katikati watatu, nyuma wawili. Milango yake minne hufunguka kwa bawaba kama ya gari dogo, wala haitelezi kama ile ya Noah. Injini imekaa mbele chini ya boneti, ilhali katika Noah zile za kwanza injini iko chini ya viti vya mbele. Kwa hiyo sakafu ya Ipsum iko chini, na mzee au mama mjamzito huingia bila kupanda ngazi. Lakini sifa hiyo ina upande wake wa pili. Tumbo la gari nalo liko chini, na kwa wakazi wa vilima vya Bonyokwa, au mtaa wowote wenye makorongo, jambo hilo si dogo.

Ama kuhusu kuacha kutengenezwa, hapana sababu ya kuogopa mno. Injini ya Ipsum ya kwanza, yenye ujazo wa cc 1998 na jina la 3S-FE, ndiyo hiyo hiyo iliyofungwa katika Noah za zamani na RAV4 za mwanzo. Injini ya toleo la pili, 2AZ-FE ya cc 2362, imetumika pia katika Harrier, Alphard na Estima. Magari hayo yamejaa katika barabara zetu, hivyo spea za injini zapatikana na mafundi wanazijua. Taabu huja katika vitu vya bodi: taa, bampa, vioo vya pembeni na vishikio vya milango. Hivyo ni vya Ipsum peke yake, na kila mwaka unaopita vinazidi kutafutwa kwa tochi. Kwa hiyo yapasa kukagua taa na vioo kwa uangalifu ule ule unaokagua nao injini.

INJINI MBILI, TABIA MBILI

Injini ya 3S-FE huendeshwa kwa taiming belti ya mpira. Kanuni ya huko ilikotoka ni kuibadilisha kila kilomita 100,000. Mwuzaji akikuambia kuwa ilibadilishwa, uliza lini na kwa kilomita ngapi. Akisitasita, fanya hesabu kwamba utaibadilisha wewe wiki ya kwanza. Katika injini hii belti ikikatika, kwa kawaida valvu hazigongani na pistoni, lakini gari huzimika papo hapo. Fikiria jambo hilo likitokea usiku, ukiwa na watoto garini, lori likiwa nyuma yako.

Injini ya 2AZ-FE hutumia cheni badala ya belti, na gharama hiyo haipo. Ina nguvu zaidi, ila inakunywa mafuta zaidi. Ina pia magonjwa mawili yanayofahamika. La kwanza huonekana katika baadhi ya injini za miaka ya mwanzo: nyuzi za boliti zinazoshika silinda hedi kwenye bloku ya alumini hulegea, hasa upande wa nyuma, na maji ya rejeta yakaanza kupungua polepole pasipo kuonekana yanapokwenda. La pili huonekana katika baadhi ya injini za kati ya mwaka 2006 na 2009, nalo ni kula oili kwa sababu ya pistoni na ringi zake. Si kila injini ina maradhi hayo. Lakini kila mnunuzi anapaswa kuyatafuta.

Kosa kubwa zaidi hufanywa na sisi wenyewe. Katika joto la Dar es Salaam mtu hujaza rejeta maji ya bomba miaka nenda miaka rudi, kutu ikaziba mishipa, injini ikachemka katika foleni, na silinda hedi ikapinda. Ukifungua kifuniko cha rejeta, injini ikiwa imepoa kabisa, ukaona maji yenye rangi ya matope, jua kwamba gari hilo halikupata mlezi.

UKAGUZI WA ASUBUHI

Mzee wetu alikwenda kuona gari la kwanza akiwa na fundi wake, wala si fundi wa dalali. Lilikuwa linang’aa kama sahani ya harusini. Lakini walipoweka mkono juu ya boneti waliikuta injini ina moto. Dalali akasema alikuwa amelileta kutoka mbali. Fundi akajibu kwa upole, “Basi tutarudi kesho alfajiri, tafadhali lisiwashwe.”

Walirudi. Gari lilipowashwa likiwa baridi, moshi wa buluu ulitoka katika ekzosi, ukakaa hewani kwa muda. Hiyo ni dalili ya oili kuungua. Wangeona moshi mweupe usiokoma huku maji yakipungua, ingekuwa dalili ya gasketi ya silinda hedi. Na moshi mweusi ni wa petroli iliyozidi. Mzee alishukuru, akaaga, akaondoka. Dalali alimfuata hadi njiani na kumpunguzia bei mara mbili, lakini hakurudi. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Na kinachong’aa chaweza kuwa kimepakwa rangi jana jioni.

Baada ya injini, ukaguzi uendelee hivi. Gia za otomatiki zibadilike bila kushtuka, gari likiwa baridi na hata baada ya mwendo wa nusu saa. Pita pole pole katika barabara mbovu usikilize bushi na shokapu. Kata usukani hadi mwisho kila upande ukitembea taratibu; ukisikia kakakaka, jointi za magurudumu ya mbele zimechoka. Inua kapeti la buti utazame kutu na mabati yaliyonyooshwa. Soma tarakimu nne za mwisho zilizochapwa ubavuni mwa tairi: 2319, kwa mfano, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno mazuri na bado likawa limezeeka na kupasuka ndani.

VITI NI SABA, LAKINI NI VYA NANI?

Gari la pili mzee aliliendea na familia nzima, na hilo ndilo jambo la busara kuliko yote aliyoyafanya. Alimwambia mama yake, “Mama, hebu panda nikuone.” Bibi akaegemea mlango, akakaa kiti cha katikati, akasema, “Mwanangu, hapa goti halinilalamikii.” Mtoto mkubwa wa miaka 17 alipokwenda safu ya nyuma, magoti yalimfika kidevuni. Wadogo wawili walikaa huko bila taabu.

Ndivyo ilivyo. Safu ya tatu ya Ipsum ni ya watoto na watu wafupi, au ya safari fupi kwa mtu mzima. Tena viti hivyo vikisimamishwa, buti hubaki jembamba, halipokei zaidi ya mabegi machache. Familia ya watu saba yenye magunia ya mkaa, ndizi na mizigo ya likizo itajikuta inafunga vitu juu ya paa.

Lipo na jambo zito zaidi. Wanaokaa nyuma ndio walio karibu na kioo cha nyuma, na aghalabu ndio watoto. Vuta kila mkanda wa usalama, wote saba, uone kama unatoka, unarudi na kushika. Katika magari mengi kuukuu mikanda ya nyuma imefukiwa chini ya viti au imekatwa. Gari la namna hiyo halina viti saba, lina viti vinne au vitano tu. Fundi aweza kurekebisha injini; mtoto aliyerushwa nje hakuna fundi wake.

MAKARATASI

Herufi zilizo baada ya tarakimu katika namba ya gari zaonyesha lilisajiliwa nchini lini, wala si lini lilitengenezwa. Gari la namba D laweza kuwa limeundwa mapema kuliko la namba C. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa katika ukuta wa nyuma ya injini na ile ya kwenye kadi. Ipsum ya kwanza huanza kwa SXM10 au SXM15, na ya pili ACM21 au ACM26. Zile za 15 na 26 huvuta kwa magurudumu yote manne. Mwenye gari akiwa bado ana cheti cha kusafirishia kutoka Japani, kitazame, kwa kuwa huandikwa kilomita zilizosomwa huko. Dashibodi huweza kusema uongo.

Kadi iliyo benki kwa ajili ya mkopo si kadi ya kuuziwa. Tafuta kama kuna faini za barabarani zinazodaiwa kwa namba hiyo, andikeni mkataba mbele ya wakili, na uhamishe jina TRA mara moja. Gari lenye jina la mtu mwingine ni mali ya mtu mwingine.

HESABU YA MAFUTA

Tuseme baba anakwenda kazini na kurudi kilomita 30 kwa siku, siku 26 za mwezi. Hizo ni kilomita 780. Ikiwa gari katika foleni latumia lita moja kwa kilomita nane, atahitaji zaidi ya lita 97 kila mwezi, kabla ya oili, bima na matairi. Lakini likitumika Jumapili nne kwa kilomita 20, na siku mbili za kliniki kwa kilomita 30, jumla ni kilomita 140, na mafuta hayafiki lita 18. Gari ni lile lile. Kilichobadilika ni matumizi. Wengi hawashindwi na bei ya kununua. Hushindwa na mwezi wa tatu.

Kadhalika, usitumie fedha yote katika kununua. Katika kila shilingi kumi ulizonazo, mbili au tatu zibaki nyumbani kwa ajili ya oili, belti, betri, breki na matairi. Asiyeweza kubakiza hizo bado hajawa tayari kuwa na gari.

NENO LA MWISHO

Basi, je, Ipsum yafaa? Yafaa kwa familia yenye wazee na watoto wadogo, inayoishi karibu na barabara nzuri, yenye fundi mwaminifu na akiba ya matengenezo. Haifai kwa mwenye mizigo mingi, kwa mkazi wa njia za makorongo, wala kwa anayetaka kuendesha kila siku kwa mshahara mdogo. Na kati ya matoleo mawili, bora lile lililotunzwa kuliko lile lililo changa.

Jirani yetu alinunua la pili baada ya miezi miwili ya kutafuta. Rangi yake imefifia, mlango mmoja una mkwaruzo, lakini mwenye nalo alikuwa na daftari la kila oili aliyobadilisha. Belti aliibadilisha wiki ile ile, na mikanda miwili ya nyuma akaifukua na kuirudisha. Paa la nyumba limeezekwa upande mmoja. Upande wa pili unangoja. Yeye bado hupanda basi la mwendokasi anapokwenda mjini. Gari hutoka Jumapili na siku za kliniki, na siku hizo bibi huwa amekwisha kuvaa kanga yake mapema, ameketi barazani akingoja mlango ufunguliwe.