Je, Wajua? Fidla na Waya wa Breki

Je, wajua kwamba mjini Kinshasa fidla iliyokatika uzi iliwahi kufungwa waya wa breki ya baiskeli? Uzi wenyewe ulikuwa wa kutafuta kwa tochi, na okestra changa haikuwa na subira. Jina lake ni Orchestre Symphonique Kimbanguiste, okestra ya waumini wa Kanisa la Kimbangu, iliyoanzishwa mwaka 1994. Fidla nazo hazikutosha watu, kwa hiyo zilipigwa kwa zamu: wewe dakika kama 20, kisha unampa mwenzako aliyekaa akikutazama vidole. Sijui waya wa breki hulia vipi chini ya uta, na sidhani kama ulilia vizuri.

Besi kubwa ya nyuzi ilikuwa shida nyingine. Mmoja wa wanamuziki akaifungua besi kipande kwa kipande, akaisoma ilivyoungwa, kisha akaanza kutengeneza ala mwenyewe. Mafundi wa gereji wataielewa elimu hii bila kuelezwa.

Mwanzilishi na kiongozi wa okestra, Armand Diangienda, alikuwa rubani. Alipopoteza kazi ya kurusha ndege akageukia muziki, ingawa hakuwahi kusoma chuo chochote cha muziki. Waliomfuata walikuwa hivyo hivyo. Wengi walijua kuimba kwaya au kupiga filimbi, na fidla wakaijulia hapo hapo mazoezini. Karatasi za nota zilipokosekana, zilinakiliwa kwa mkono. Hebu fikiria simfoni ya saa nzima, kila ala na ukurasa wake, ikinakiliwa kwa kalamu!

Je, wajua kwamba wanamuziki hao hawaishi kwa muziki? Filamu ya Kinshasa Symphony, iliyotoka mwaka 2010, inawaonyesha wakitoka kazini na sokoni, wakipenya foleni za Kinshasa hadi mazoezini jioni. Yumo mpiga viola ambaye ni fundi umeme na pia kinyozi. Faida ya kuwa na mtu kama huyo kwenye safu huonekana umeme unapokatika katikati ya Beethoven: anaweka viola chini, anakwenda kuhangaika na nyaya. Okestra za Berlin zina wapiga viola hodari, lakini sina hakika kama yupo wa kushika bisibisi.

Msomaji wa pwani huenda hashangai sana. Fidla si mgeni kwetu. Ikhwani Safaa ya Zanzibar ilianza mwaka 1905, na mpiga fidla wa taarabu ni mtu wa heshima zake. Cha kushangaza zaidi ni kwamba okestra hii imeota katika mji wa rumba. Rumba ya Kongo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021, na Kinshasa ni nyumbani kwake. Lakini Mkimbangu hanywi pombe, havuti sigara, wala hachezi dansi. Kijana mwenye kipaji aliyelelewa katika kanisa hilo hakuwa na njia ya kwenda jukwaani kwenye baa. Alikuwa na kwaya, vikundi vya filimbi, na bendi za matarumbeta zinazopiga sana kanisani humo. Ndiyo maana nawapinga wanaoiandika okestra hii kama muujiza ulioanguka kutoka Ulaya. Kanisa lilikuwa limejaa watu wenye pumzi na masikio. Zilipungua nyuzi tu.

Hatua zilizofuata zilikwenda mbali. Kwaya ilijifunza kutamka Kijerumani kwa ajili ya simfoni ya tisa ya Beethoven, na Kilatini kwa ajili ya Carmina Burana. Mwaka 2013 chama cha Royal Philharmonic Society cha London kilimpa Diangienda uanachama wa heshima, na mwaka 2014 okestra ikafanya ziara Uingereza. Diangienda naye ametunga simfoni yake, aliyoiita Mon Identité, yaani utambulisho wangu.

Na je, wajua babu yake ni nani? Ni Simon Kimbangu mwenyewe. Mwaka 1921 alihubiri na kuponya wagonjwa kwa miezi michache tu katika nchi ya Wakongo, umati ukamfuata, na serikali ya Wabelgiji ikaogopa. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert wa Kwanza akaibadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, naye akapelekwa mbali na kwao, Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mji wa Katanga unaozungumza Kiswahili. Akafia gerezani humo mwaka 1951, baada ya miaka 30. Kanisa lake lilitambuliwa rasmi Desemba 1959, miezi sita tu kabla ya uhuru.

Beethoven naye alikuwa na babu, jina lao moja, Ludwig. Mzee huyo alikuwa mwimbaji, akahamia Bonn mwaka 1733, na mwishowe akawa mkuu wa muziki wa kasri la mtawala wa huko. Alizaliwa Mechelen, mji ambao leo uko Ubelgiji.