Unamnunulia mzazi simu? Anza na kitochi, na kifurushi jiunge wewe

Mtoto anarudi kijijini Desemba na zawadi ya simu ya kupangusa, kioo kipana, kamera mbili. Mama anashukuru, anaifunga kwenye kitambaa na kuiweka kabatini. Wiki mbili baadaye mtoto anapiga, simu haipatikani. Chaji iliisha siku ya pili, na kibanda cha kuchaji kipo senta, mwendo wa saa nzima kwa miguu.

Kabla hujatoa hela dukani, jiulize mzee wako anaitumia simu kwa kazi gani. Kwa wengi ni kupokea simu za watoto, kupokea hela, kumulika njia usiku na kusikiliza redio (hilo la redio hatuwezi kulisahau sisi). Kwa kazi hizo kitochi kinatosha, na mara nyingi kinaishinda simu kubwa. Kioo chake kidogo hakili chaji, kwa hiyo kwa mtu anayepiga mara chache kinaweza kukaa siku kadhaa bila kuchajiwa. Kikianguka, unaokota betri, unairudisha, maisha yanaendelea. Vitochi vingi hutumia betri ya BL-5C au inayofanana nayo, na betri hizo utazikuta hata kwenye maduka madogo ya vijijini.

Vitochi havifanani, kwa hiyo kijaribu palepale dukani. Ukiweza, nenda na mzee mwenyewe. Bonyeza vitufe: je, vimeachana, au kidole kilichozoea jembe kitagusa viwili kwa pamoja? Tarakimu anaziona bila kusogeza simu puani? Mwambie muuzaji apige, kisha usikilize mlio ukiwa umesimama hatua kumi kutoka simu ilipo. Halafu pokea na usikilize sauti ya sikioni, maana zipo simu zenye mlio wa kutikisa nyumba lakini ukipokea mtu anasikika kama yuko kisimani. Baadhi ya vitochi husoma namba kwa sauti kila unapobonyeza, jambo linalomsaidia sana mwenye macho hafifu. Kwenye redio, uliza kama inashika bila kuchomeka waya wa masikioni. Mwisho bonyeza *#06#, utaona namba ya utambulisho wa simu, yaani IMEI. Itume kwa ujumbe kwenda 15090 upate kujua kama simu ni halisi. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchini, na watu walibaki na vifaa visivyoshika mtandao.

Mtandao nao usichague kwa mazoea ya mjini. Unaoshika vizuri kwako Dar es Salaam huenda nyumbani kwa mama unashika juu ya kichuguu tu. Jaribu ndani ya chumba anacholala, maana simu ya dharura hupigwa usiku. Ukikuta mtandao wake haushiki, namba haina haja ya kubadilika. Tangu Machi 2017 Tanzania inaruhusu kuhama mtandao ukiwa na namba ileile. Ila toeni kwanza hela zilizomo kwenye akaunti ya simu, kwa sababu namba inahama, hela hazihami nayo.

Sasa kifurushi. Hapa ndipo familia nyingi zinapoteza hela bila kujua. Hapa nchini anayepigiwa halipi. Mzee anayepokea zaidi kuliko kupiga hahitaji kifurushi cha siku, kwani ukimuunga, siku inapita na kinaisha dakika hazijaguswa. Kesho unarudia. Afadhali hela hiyo ujiunge wewe kifurushi cha dakika cha wiki au mwezi, umpigie. Kama mko mitandao tofauti, hakikisha kinasema mitandao yote.

Yeye mwachie salio la kawaida kidogo. Ni kweli dakika moja ya salio la kawaida ni ghali kuliko ya kifurushi, lakini haliishi usiku wa manane, na mtu anayepiga dakika mbili kwa wiki haumii. Kubwa zaidi, atakuwa na uwezo wa kubipu. Kubaliana naye: akibipu mara moja, utampigia ukipata nafasi, akibipu mara tatu mfululizo, kuna jambo, piga sasa hivi.

Wapo wazee ambao simu haitulii: mjumbe, msuluhishi wa ukoo, mama wa kikoba. Huyo mnunulie kifurushi, na unaweza kumnunulia ukiwa kwako kupitia menyu ya mtandao. Chagua cha dakika tupu, maana MB kwenye kitochi cha kawaida ni hela ya bure. Na mpigie umwambie umemuunga. Ujumbe wa maandishi huenda asiusome.

Ukisikia analalamika salio linayeyuka bila kupiga, usimbishie. Huenda laini imeunganishwa na huduma ya miito au habari inayokata kidogokidogo. Piga 100, huduma kwa wateja, uwaambie waziondoe zote.

Laini yenyewe isajiliwe kwa jina lake, kwa kitambulisho chake cha taifa. Vidole vya wakulima wengi vimelika na mashine hugoma kuvisoma, ndiyo maana wengine husajiliwa kwa jina la mjukuu au jirani. Ni njia ya mkato yenye hatari, kwa kuwa kisheria akaunti ya hela inakuwa ya huyo mwingine. Vumilia, mpeleke kwenye duka lenyewe la mtandao, vidole vijaribiwe kimoja kimoja. Kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, bonyeza *106#.

Namba ya siri isiandikwe kwenye karatasi ndani ya kava la simu, na wakala asibonyezewe wala asitajiwe. Mweleze mzee kwamba akipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", au akipigiwa na mtu anayesema kuna hela imeingia kwake kimakosa, akate simu akubipu wewe. Ujumbe wa namna hiyo hupelekwa 15040.

Kabla hujapanda basi kurudi mjini, weka namba yako kwenye kitufe cha 2, ili akikibonyeza na kukishikilia simu iite kwako. Kisha usimwelekeze tena. Nenda nyuma ya nyumba, umwache apige mwenyewe mpaka aipate.